Msaidizi wa Mama Mlezi Asitolewe Darasani

Popote pale ambapo akina mama ndio wenye kushika jembe, kazi ya kulea watoto wa majirani huzaliwa bila kutangazwa na mtu. Mama mmoja, ambaye aghalabu ni mtu mzima aliyekwisha kupunguza safari za shambani, huletewa watoto alfajiri na kuwarudisha kwa wazazi wao jua likielekea kutua. Ujira wake huwa fedha kidogo, au muhogo, au ahadi ya mavuno. Watoto wakiwa watatu, hana haja ya mwenzake. Wakifika wanane, mmoja akienda chooni, wa pili akilia na wa tatu akilikaribia jiko, hapana budi apatikane msaidizi. Ndugu msomaji, makala haya yanamhusu huyo msaidizi: ni nani, na amepatikana wapi.

Tuitazame Awasse, katika Wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji. Awasse ni njia panda. Barabara moja yatoka pwani kwenda Mueda, na nyingine yateremka kusini kupitia Macomia hadi Pemba. Kwa sababu hiyo ya barabara, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 havikuiacha. Mwaka 2020 Awasse ilishikwa na waasi, na wakazi wake wakatawanyika. Mwezi Julai 2021 majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yaliikomboa. Tangu mwaka 2022 wananchi wa wilaya hiyo wamekuwa wakirejea kwa mafungu.

Mtu arejeaye kwenye shamba lililolala miaka miwili huanza na kufyeka. Kazi hiyo haifanyiki vema na mtoto mgongoni. Tena wale waliozoea kubaki na watoto, yaani bibi, shangazi na mama mdogo, si wote waliorudi. Baadhi walifariki, na wengine wamebaki walikokimbilia. Hivyo haja ya mama mlezi imekuwa kubwa kuliko zamani, na haja ya msaidizi wake vivyo hivyo.

Msaidizi aliye rahisi kupatikana ni binti wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Haombi mshahara, hupewa chakula na pengine kitenge wakati wa sikukuu. Wazazi wake hushukuru kwamba kinywa kimoja kimepungua nyumbani. Watu huita jambo hili msaada. Mimi naliita mkopo unaolipwa na mtoto asiyeukopa. Sheria ya Elimu ya Msumbiji, Namba 18 ya mwaka 2018, inaagiza kwamba elimu ni ya lazima tangu darasa la kwanza hadi la tisa. Binti huyo yumo ndani ya madarasa hayo. Kumweka uani achunge watoto wa wenzake ni kumfungulia mama mmoja njia ya shambani kwa kumfungia mwingine njia ya shule.

Wala hili si la kubahatisha. Katika Jimbo la Gaza, kusini ya nchi hiyo, shirika la Save the Children lilianzisha shule ndogo za watoto wachanga katika vijiji 30 kuanzia mwaka 2008. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba si watoto waliohudhuria tu walionufaika. Ndugu zao wakubwa, wenye umri wa miaka 10 hadi 14, nao walihudhuria shule zaidi, kwa kuwa mzigo wa ulezi uliwatoka mabegani. Ulezi wa pamoja, basi, unaweza kumrudisha binti darasani. Ajabu iliyoje ikiwa nyumba ya mama mlezi ndiyo itakayomtoa!

Jimbo la Cabo Delgado lenyewe lina historia ya kujivunia katika jambo hili. Wakati wa vita vya ukombozi, kikosi cha wanawake cha FRELIMO, kilichoundwa mwaka 1967, kilishughulikia pia watoto yatima na wale ambao wazazi wao walikuwa vitani. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa mstari wa mbele kuanzisha vituo vya watoto hao. Ulezi ulihesabiwa kuwa kazi ya mapambano.

Basi mama mlezi amtafute mtu mzima. Huenda akawa mjane, au mama ambaye mashamba yake hayajafyekwa, au kijana wa kike aliyemaliza masomo. Katika mahali penye watu waliotoka pande mbalimbali, yafaa kuuliza habari zake kwa mkuu wa kitongoji na kwa majirani aliokaa nao ukimbizini. Kuuliza si kumtuhumu; mgeni mwema hupenda kuulizwa, maana ndipo ajulikane.

Kisha akae siku chache pamoja na mwenyeji kabla ya kuachiwa watoto. Atazamwe kisima anakifunika au anakiacha wazi. Atazamwe jinsi anavyomnyamazisha mtoto anayelia, kwani wapo watu wazima wanaowatisha watoto kwa kuwaambia kwamba wenye bunduki wanakuja. Kwa mtoto aliyelala porini kwa hofu, huo si mzaha, na msaidizi wa namna hiyo asichukuliwe hata kama ana sifa nyingine zote. Kadhalika aulizwe habari ya muhogo mchungu. Mwaka 1981, katika Jimbo jirani la Nampula, ukame uliwalazimisha watu kula muhogo huo bila kuutayarisha vya kutosha, na zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao akina mama na watoto. Chungu kimoja kinacholisha watoto kumi hakitaki mpishi mwenye haraka.

Ama kuhusu ujira, kosa kubwa ni kumwambia msaidizi angoje wazazi walipe. Mzazi hulipa baada ya kuuza ufuta au korosho. Msaidizi hula kila siku. Kiasi chake kipangwe mbele ya shahidi, hata kama ni kidogo, na kama sehemu yake ni nafaka, debe litajwe. Kanuni za Msumbiji za kazi za nyumbani za mwaka 2008 zimeweka kikomo cha saa 9 kwa siku na saa 54 kwa juma, pamoja na siku ya mapumziko. Mtu anaweza kubisha kwamba nyumba yenye kulea watoto kwa malipo si nyumba ya kawaida. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinafaa hapo pia, kwa kuwa aliyechoka hulala, na mtoto hangoji aamke.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa hadi siku ya kwanza ya kazi. Msaidizi aliye mtu mzima mara nyingi huja na mtoto wake mchanga. Asikataliwe kwa sababu hiyo, lakini mtoto huyo ahesabiwe pamoja na wengine, ili mama mlezi apunguze mmoja katika idadi aliyokusudia kupokea, na wazazi waelezwe mapema.