De Souza: Jina la Mto Lililovuka Bahari

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Mkuza, Kibaha, au popote pale katika Mkoa wa Pwani, bila shaka umeizoea desturi yetu ya majina. Mtoto hupewa jina lake, likafuatwa na la baba, na pengine la babu. Kizazi kikipita, jina la mwisho nalo hubadilika. Yako hata hivyo majina ya ukoo yasiyobadilika karne hata karne, na mojawapo ni De Souza. Wengi walisikiapo hudhani kuwa mwenye nalo ni Mreno. Je, dhana hiyo ni sahihi?

Sousa ni mto wa kaskazini mwa Ureno, unaomwaga maji yake katika mto Douro. Hivyo De Sousa maana yake ni mtu wa Sousa, kama ambavyo wewe ungeweza kumwita mtu "wa Ruvu". Tahajia yenye herufi "z" ni ya zamani. Imeendelea kutumika sana Goa na Brazil.

Wareno waliikandamiza pwani yetu kwa takriban miaka mia mbili, hadi walipong'olewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Walituachia maneno kama meza na bendera. Lakini akina De Souza wa Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, hawakutokana na Wareno hao. Walitoka Goa, magharibi mwa India, ambako Wareno walitawala tangu 1510 hadi 1961. Huko wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi ya padri au ya msimamizi wa ubatizo. Walibadilishwa jina, damu yao ilibaki ile ile. Vizazi vyao ndivyo vilivyovuka bahari katika karne ya 19 na ya 20, vikafanya kazi za ukarani, ushonaji na upishi huko Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Katika Brazil, ambako jina hili ni miongoni mwa yale yaliyoenea zaidi, wako walioachiwa jina hilo na mabwana waliowamiliki babu zao utumwani. Aidha, liko Benin, Afrika Magharibi. Huko aliishi Francisco Félix de Souza, mzaliwa wa Brazil aliyefariki mwaka 1849, ambaye alitajirika kwa kuuza watumwa katika bandari ya Ouidah.

Sasa mlinganishe na Fitz de Souza wa Kenya, mwana wa familia ya Kigoa. Katika kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Jomo Kenyatta na wenzake mbele ya mahakama ya wakoloni. Baada ya Uhuru alikuwa Naibu Spika wa Bunge. Jina ni moja; mmoja aliuza watu, mwingine alitetea uhuru wao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtoto mwenye jina kama hilo akiingia darasani pamoja na mwanao, mfundishe mwanao asimwite mgeni. Jina laweza kutueleza njia waliyopita wazee wa mtu. Utu wake hupimwa kwa matendo yake.