Funguo tatu za sanduku: namna ya kuonyesha kwamba unajua kazi ya kikundi



Karibu kila CV ya kijana wa kwetu ina maneno haya: « esprit d'équipe ». Mimi pia niliyaandika. Siku ya intavyu, mama mmoja akaniuliza: « Tuambie siku kikundi chenu kilikosa kuelewana. Wewe ulifanya nini? » Nikanyamaza. Juu ya nini? Juu TP zetu za chuo tulizifanya hivi: wawili wanaandika, kumi wanaongeza majina, pointi ni sawa kwa wote. Ile si kikundi, ile ni orodha ya majina tu. Kazi sikuipata.

Kumbe shule nzuri iko kwenye avenue yetu: AVEC, vikundi vya kuweka na kukopeshana pesa. Njia hiyo ilianzia Nijeri mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo mama zetu wanaijua kuliko sisi wenye diploma. Angalia namna wanafanya. Sanduku lina kufuli 3, na funguo zinakaa kwa watu 3 mbalimbali. Mwenyekiti hana hata moja. Mwandishi anaandika, wawili wanahesabu, mwingine analinda sanduku. Yote yanafanyika mbele ya wanamemba wote, na sheria ziliwekwa kabla pesa haijaingia. Hawaelewani juu wanapendana sana. Wanaelewana juu kila mtu anajua kazi yake, na wenzake wanaiona.

Fanya vilevile kwenye TP, kwaya ao timu ya mpira:

1. Kabla ya kuanza, andikeni nani anafanya nini, na siku gani anamaliza.
2. Katikati ya kazi, kutaneni muangalie pamoja. Musingoje usiku wa mwisho.
3. Mwenzako akichelewa, muambie yeye mwenyewe mapema, si kumusema pembeni.

Sasa, kwa mwajiri. Kwenye CV usiandike sifa, andika jambo: « Mwandishi wa AVEC ya watu 22, miezi 12, daftari la kila juma. » Kwenye intavyu, eleza kwa mufuatano: hali ilikuwa gani, kazi yako ilikuwa gani, ulifanya nini, kilitoka nini. Ukisema « sisi » tu, hawatajua wewe ulifanya nini. Ukisema « mimi » tu, watakuogopa. Tena usidanganye, juu wanaweza kupigia simu mwenyekiti wako.

Mimi nilienda kushika daftari kwenye AVEC ya mama. Intavyu iliyofuata, swali likarudi. Nikaeleza siku tulikosa franka 5.000, tukahesabu tena mara tatu, kisha tukaona kosa liko kwenye daftari. Mwandishi ni mimi. Nilisimama mbele ya wamama wote nikasema: kosa ni langu. Tangu siku ile, wawili tunasoma hesabu kabla ya kufunga sanduku.

Safari hii sikunyamaza. Kazi niliipata.

Na wewe, kikundi gani kilikufundisha? Kiandike leo, mbele ya kusahau.