Kabla ya kusema "pompa imekufa"



Kwenye barabara ya Kasongo–Kabambare hakuna neno linalomuumiza mwenye gari kama hili: "Pompa imekufa." Pompa ya kusukuma mazutu ya Land Cruiser ya zamani si kitu cha kununua kwenye kibanda cha sokoni. Itabidi uitafute Kindu, Bukavu au mbali zaidi, na siku hizo zote gari imelala, iwe ilibeba mgonjwa, ama chanjo ambazo barafu yake inayeyuka. Halafu mara nyingi pompa yenyewe ilikuwa nzima.

Nini kinatuhusu sisi wenye diploma? Wengi wetu tunaingia kazini kwenye mashirika, zoni za afya au miradi ya shule. Hatushiki kle, lakini sisi ndio tunasaini karatasi ya kununua pompa. Basi tujue kuuliza kabla ya kusaini.

Nazungumzia zile pikapu Land Cruiser zenye motere 1HZ, lita 4.2, silinda 6, iliyotoka mwaka 1990, na pia Hilux za mazutu za wakati huo. Hazina kompyuta ya kuongoza motere, na hiyo ni bahati kwetu: kila kitu kinaweza kuonekana kwa macho ama kusikika kwa sikio.

Motere ya mazutu haina cheche kama ya esansi. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, enjektere inapuliza mazutu ndani, na yanawaka yenyewe. (Neno mazutu, kwa wanaopenda lugha, limepitia kwa Wafaransa lakini asili yake ni Urusi.) Kwa hiyo mahitaji ni matatu tu: motere izunguke kwa kasi, hewa ibanwe vizuri, mazutu yafike.

Swali la kwanza, ukigeuza funguo motere inazunguka ama haizunguki? Kama unasikia tak-tak-tak nyingi za haraka, kwanza angalia batri na vichwa vyake. Batri iliyojaa ina volti kama 12.6, wakati demarere inazungusha isishuke chini ya 9.6 hivi. Kusafisha vichwa vyeupe vya ukungu na kukaza waya wa masi unaoshika kwenye motere kunaponyesha magari mengi kuliko watu wanavyofikiri. Lakini kama ni "tak" moja tu nzito, halafu kimya, na taa bado zinawaka vizuri, ugonjwa wa kawaida wa demarere za Toyota ni vile vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani, vinavyoliwa pole pole. Fundi mzuri atakata shaba nyingine na kuvibadilisha. Hununui demarere nzima kwa sababu ya shaba ya ukubwa wa kidole.

Kama inazunguka vizuri lakini haiwaki, mtu mmoja akae nyuma aangalie eshapema wakati mwingine anazungusha. Hakuna moshi kabisa? Mazutu hayafiki ndani ya silinda. Moshi mweupe wenye harufu ya mazutu? Yanafika lakini hayawaki: angalia buji za kupasha moto, ama motere imechoka haibani hewa tena.

Tuseme hakuna moshi. Juu ya pompa kuna elektrovane yenye waya mmoja, inayofungua mazutu ukiweka kontakte. Weka sikio karibu, mwenzako aweke kontakte: lazima ilie "tak". Isipolia, pima kama umeme unafika kwenye ule waya. Gari ngapi zimesukumwa na kijiji kizima, kumbe waya umekatika! Ikiwa imefunga, hata mkisukuma mpaka mto Luama haitawaka.

Sasa tunafika mahali penye matatizo mengi: hewa. Gari inasumbua asubuhi tu, ama inawaka dakika moja inazimika, na chini hakuna hata tone. Watu wanasema: "Haivuji, kwa hiyo tiyo ni nzima." Si hivyo. Kwenye motere hizi pompa ndiyo inayovuta mazutu kutoka rezervwari. Hakuna pompa nyingine huko nyuma inayoyasukuma. Tiyo ikipasuka kidogo upande wa kuvuta, haimwagi, inanyonya hewa. Usiku mazutu yanarudi rezervwari, asubuhi pompa inakuta upepo. Bonyeza ile pompa ya mkono iliyo juu ya filtre: ikikaza haraka, sawa, ikibaki laini kila asubuhi, kuna mahali panaponyonya. Weka kipande cha tiyo inayopitisha mwanga kati ya filtre na pompa, utaona mapovu kwa macho yako.

Na kipimo ambacho mimi ningedai kabla ya kusaini karatasi yoyote ni cha bidoni. Chukua bidoni la lita 5 lenye mazutu safi, liweke juu kuliko pompa, ingiza ndani yake tiyo ya kuvuta na ile ya kurudisha, toa hewa, washa. Motere ikikimbia vizuri, pompa haina kosa; ugonjwa uko nyuma, kwenye filtre, tiyo ama rezervwari. Ikikataa, hapo ndipo tuanze kuongea habari ya pompa. Kazi ya nusu saa.

Gari inayozimika kwenye mlima, ukingoja dakika kumi inawaka tena, mara nyingi chujio la ndani ya rezervwari limejaa uchafu: mchanga, vipande vya plastiki, nyuzi za kitambaa. Kwetu mazutu yanasafiri kwa madramu na mabidoni mpaka kwa makadafi wa kando ya njia, basi usishangae. Jaribu pia kufungua kifuniko. Kikivuta hewa "fyuuu", tundu la kupumua limeziba.

Maji ni mabaya zaidi, kwa sababu pompa hiyo inalainishwa na mazutu yenyewe. Kabla ya kununua, jaza chupa ya kioo, iache itulie: maji ni mazito, yatakaa chini. Na kila juma fungua visi iliyo chini ya filtre, maji yatoke. Mazutu yaliyochanganywa na petroli ya taa chupa haiyaonyeshi kwa urahisi; hapo unategemea muuzaji unayemjua.

Mambo mawili ya hatari. Mtu asiweke kitambaa chenye esansi ama eta kwenye mdomo wa hewa wakati buji za kupasha zimewaka, inaweza kulipuka. Na asiweke mkono mbele ya enjektere inayopuliza: mazutu ya presha ile yanatoboa ngozi, na kidonda chake kinaonekana kidogo kumbe ni cha kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.