Anayesoma Asichekwe

Kila Januari, mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza huingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali nchini Tanzania na kukuta baiolojia na jiografia ni za Kiingereza. Akisimamishwa, husoma aya nzima kwa sauti. Muulize imesema nini: anainamisha kichwa, na darasa linaangua kicheko.

Wengi husema kilichompungukia ni msamiati. Ni kweli, ila si hilo tu. Hajui alipopotelea. Sentensi ya Kiswahili humwonyesha kwa kiambishi kama inazungumzia mti, jani au maji: unakua, linanyauka, yanapanda. Kiingereza humwachia "it" moja kwa vyote vitatu, naye anasonga mbele bila kujua kwamba maana imembakia nyuma.

Uwezo wa mtu kuchunguza fikra zake mwenyewe mwanasaikolojia John Flavell wa Marekani aliuita metakognisheni, katika miaka ya 1970. Jina zito, kazi yake nyepesi: mwanafunzi aweke alama ya penseli kando ya mstari uliomtatiza, kisha aseme tatizo ni neno, mpangilio wa sentensi, au jambo lenyewe ni geni kwake. Jibu la "sijaelewa" halimsaidii mwalimu. "Sijui hii 'it' ni jani au ni maji" linampa pa kuanzia.

Lakini nani atayasema hayo mbele ya wanaocheka? Ndiyo maana stadi za kuishi na wenzako nazihesabu kuwa sehemu ya somo la kusoma. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha utafiti kuhusu ufundishaji wa kupokezana. Katika kikundi kidogo, kila mwanafunzi hushika zamu ya mwalimu: anauliza swali kuhusu aya, anaifupisha, anafafanua palipotatiza, anabashiri kinachofuata. Mwaka 1996 Janette Klingner na Sharon Vaughn waliitumia njia hiyo Marekani kwa wanafunzi wenye ugumu wa kujifunza, ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya pili, na wengi walipiga hatua katika kuelewa wanachosoma. Kwa utaratibu huu, kutaja palipotatiza ni kazi ya mwenye zamu, wala si fedheha yake.

Vikundi havijiendeshi, hasa darasa likifurika. Mwalimu atangulie yeye: asome aya, asite, aseme, "Hapa nimepotea, narudi mstari wa juu." Awafundishe pia kumuuliza mwenzao "umejuaje?" badala ya kumzomea. Majadiliano yawe kwa Kiswahili, muhtasari uandikwe kwa Kiingereza. Kile kibao cha kumvisha shingoni mwanafunzi aliyezungumza lugha ya nyumbani shuleni, ambacho mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza habari zake, kilifundisha watoto kunyamaza tu.

Mwalimu wa kidato cha kwanza, kabla hujaikimbilia mada ya kwanza, tenga vipindi vya juma la mwanzo kwa kazi hii, na katazo lako la kwanza liwe kumcheka anayesoma.