Je, Wajua? Seli Nyingine Hazihitaji Hadubini

Kiini cha njano cha yai la kuku lisilorutubishwa ni seli moja tu. Umeikaanga mara nyingi. Ile ya mbuni ndiyo kubwa kuliko seli zote za wanyama walio hai leo.

Ndiyo maana yai linapendwa sana kwenye maabara za shule. Lizamishe zima katika siki. Viputo vinaanza papo hapo: asidi inakula chokaa ya ganda na kutoa kabonidayoksaidi. Baada ya siku moja au mbili ganda limekwisha. Yai limebaki ndani ya utando mwembamba, linabonyea kama puto lililojaa maji. Litie katika maji matupu, linavimba. Litie katika maji mazito ya sukari, linanywea na kujikunja. Maji hupita kwenye utando, sukari haipiti kirahisi. Hiyo ndiyo osmosisi, na hakuna mchoro wa ubaoni unaoifikia.

Kitunguu nacho kina lake. Bandua ngozi nyembamba ya ndani, dondoshea iodini, weka chini ya hadubini. Seli zimejipanga safu kwa safu. Rangi ya kijani usiitafute; huko chini ya udongo hazina klorofili.

Robert Hooke, Mwingereza aliyeandika kuhusu seli mwaka 1665, alichungulia kipande cha kizibo. Alichoona ni kuta tupu. Seli zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa!

Ukijaribu lile la siki nyumbani, nawa mikono kwa sabuni. Yai hilo bado ni bichi.