Walezi wa watoto wenye ulemavu: ujira kwanza, motisha baadaye



Wiki hii tumeona ni vyema kurasa za familia zizungumzie watu ambao wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa wanawategemea bila ya kuwajua hata majina. Hao ni walezi wa mabwenini, wapishi, walinzi na wasaidizi wa darasani katika shule na vitengo vya elimu maalumu. Mwalimu tunamfahamu, tunamsalimia, na mwisho wa muhula tunamwuliza habari za matokeo. Mlezi aliyemwogesha mtoto, akamvisha, akamlisha na kumwamsha usiku asijikojolee, huyo hatumwulizi lolote, wala hatujui mwisho wa mwezi anapokea nini.

Mkoa wa Mwanza una historia ya pekee katika jambo hili. Mauaji na ukataji wa viungo vya ndugu zetu wenye ualbino yaliyoitikisa kanda hii tangu miaka ya 2006 na 2007 yalizifanya baadhi ya shule kuwa kimbilio. Mitindo huko Misungwi, na Buhangija kwa jirani zetu wa Shinyanga, zilipokea watoto waliohitaji kusoma na, pamoja na kusoma, kubaki hai. Kwa mtoto kama huyo lango la shule na mlinzi wake ni sehemu ya uhai wake. Tunapojadili malipo ya mlinzi wa shule maalumu, tunajadili pia usalama wa mtoto aliyelala ndani.

Kazi isiyoandikwa popote

Tuitazame kazi yenyewe. Mtoto mwenye ualbino anahitaji mtu wa kumkumbusha mafuta ya kujikinga na jua, kofia na nguo za mikono mirefu, kwani jua la huku ziwani halimhurumii, na saratani ya ngozi huanza na uzembe wa kila siku. Mtoto asiyeona anahitaji kufundishwa njia ya kutoka kitandani hadi msalani, hatua kwa hatua, mpaka aizoee. Kiziwi anahitaji mtu anayejua lugha ya alama, la sivyo hataweza kueleza kwamba tumbo linamuuma au kwamba kuna aliyemtendea ubaya. Mwenye ulemavu wa akili au usonji anaweza kuhitaji mwezi mzima kumzoea mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka, mtoto huanza upya. Na watoto wa Kiislamu wana haja nyingine tena: kusaidiwa kutawadha, kuamshwa kwa sala ya Alfajiri, kuandaliwa daku na futari katika Ramadhani.

Wajumbe wa kamati yetu walipotembelea bweni moja la kanda hii, walimkuta mlezi mmoja akihudumia watoto wengi usiku na mchana. Hakuwa na mkataba. Alichokuwa akipokea kilitokana na michango ya wazazi. Mchango ukichelewa naye alichelewa, na miezi mingine hakupata kitu. Kiasi hicho wenyewe walikiita motisha. Hatuandiki haya ili kuinyooshea kidole shule ile, kwa kuwa uongozi wake ulikuwa ukihangaika kwa juhudi zote. Tunaandika kwa sababu neno hilo, motisha, lilitushitua.

Ujira ni kitu kimoja, zawadi ni kingine

Katika fiqhi yetu, malipo ya kazi yana milango miwili ambayo wanazuoni hawakuichanganya. Mlango wa kwanza ni ijara, yaani mkataba wa kazi: kazi ijulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane. Mfano wake ni kisa cha Nabii Musa (AS) huko Madyan katika Surat al-Qasas, ambapo masharti ya miaka minane yalitajwa kabla kazi haijaanza, na sifa za mwajiriwa mwema zikatajwa kuwa ni nguvu na uaminifu. Mlango wa pili ni ju'ala, yaani zawadi iliyoahidiwa kwa atakayetimiza jambo fulani. Wanazuoni wameichukua katika Surat Yusuf, pale palipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayelileta kopo la mfalme lililopotea.

Ujira ni deni. Mtume (SAW) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, mtu aliyemwajiri mwenzake, akaichukua kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake, ni mmoja wa watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Motisha, kwa upande wake, ni nyongeza juu ya deni lililokwisha kulipwa. Basi anayempa mlezi kitu kidogo kisicho na tarehe wala kiwango, akakiita motisha, ilhali hakuna mshahara wowote chini yake, amebadilisha jina la deni tu. Deni lenyewe bado liko shingoni.

Wapo wanaosema kuwa kumhudumia mlemavu ni ibada, na mwenye kutaka malipo amepunguza ikhlasi yake. Hoja hii haisimami. Qur'ani Tukufu, katika Surat at-Tawba aya ya 60, imewataja wanaoitumikia zaka kuwa miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki kupewa katika hiyo hiyo zaka, na hakuna aliyesema kwamba kazi yao si ibada. Historia nayo inatufundisha. At-Tabari ameandika kuhusu Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, kwamba aliwapangia wenye ukoma posho na kuwakataza kuombaomba, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, huduma hii ilionekana kuwa jukumu la hazina ya umma.

Sheria na hesabu

Sheria za nchi yetu nazo hazikunyamaza. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka haki ya elimu kwa mtoto mwenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya saa za ziada kwa mara moja na nusu, nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mlezi anayeishi bwenini siku saba, usiku na mchana, yuko mbali sana na vipimo hivyo. Aidha, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Lakini aliyeletwa kazini na kamati ya shule kwa fedha za michango hayumo katika hesabu hiyo.

Kwa nini shule isimlipe? Mpango wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016 umeleta kheri kubwa, na watoto wengi waliofichwa majumbani walitoka. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Tufanye hesabu: shule ya watoto 200 ina shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Msaidizi mmoja anayepewa shilingi 100,000 tu kwa mwezi angehitaji 1,200,000. Chaki, mitihani na ukarabati vingelipiwa na nini? Katika mpango huo huo mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliwekewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na anaistahiki. Hilo linaonesha kwamba Serikali inatambua kuwa jukumu zito linahitaji posho. Tunachoomba ni utambuzi huo ushuke hadi mlangoni mwa bweni.

Motisha ilipe nini?

Ujira ukishapatikana, ndipo tuzungumze motisha yenyewe, kwani nayo ina mitego. Mtu anaweza kusema: tumzawadie mlezi ambaye bwenini kwake hakukuripotiwa ajali muhula mzima. Maneno hayo ni matamu, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto akianguka, mlezi atanyamaza ili asikose zawadi. Na mtoto asiyeweza kusema hatatoa habari. Motisha isifungamanishwe kamwe na ukimya.

Tunaona ifungamanishwe na mambo ambayo kila mtu anaweza kuyathibitisha: mlezi kujifunza lugha ya alama au nukta nundu, kudumu kazini mwaka mzima, ili watoto wasibadilishiwe mikono kila mara, na kuhudhuria zamu zake. Kiwango kijulikane kabla, kiwe sawa kwa wote wenye kutimiza, na kilipwe tarehe iliyotajwa, kupitia benki au simu, pakiwa na kumbukumbu.

Nafasi ya msikiti na ya familia

Waislamu wenzetu watauliza: je, zaka itumike? Mlezi au mlinzi aliye fakiri au maskini anastahiki zaka kwa ufakiri wake, kama fakiri mwingine yeyote. Lakini zaka haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo mshahara wake, kwani mwajiri halipi deni lake kwa haki ya mafakiri. Mlango ulio wazi ni sadaka na wakfu. Jamaa 60 wa msikiti mmoja, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, wanapata 300,000, posho ya shilingi 100,000 kwa kila mmoja wa wasaidizi watatu. Fremu moja ya duka iliyowekwa wakfu inaweza kulifanya jambo hilo lidumu baada ya sisi kuondoka duniani. Sadaka hiyo ipitie kamati ya shule kwa maandishi, iwahusu wahudumu wote bila kuuliza dini ya mtu, na isiwe sababu ya Halmashauri kusahau wajibu wake. Kila mwaka tuandike kuomba nafasi za ajira za walezi, na kila mwaka tufuatilie jibu.

Kwa wazazi, nasaha yetu ni fupi. Mjue mlezi wa mwanao kwa jina. Ukienda shuleni, mwulize mtoto amelalaje, na umwulize mlezi amelipwaje. Shule ikifungwa, nenda ukamchukue mwanao, hata kama ni safari ya kivuko kutoka Ukerewe, kwa maana mtoto aliyeachwa bwenini likizo nzima anamnyima mlezi mapumziko yake, naye ananyimwa mapenzi ya nyumbani kwao. Na kama una dagaa, mchele au sabuni ya kupeleka, peleka; ila usidhani kwamba kilo mbili za dagaa zimelipa usiku wa miezi mitatu.

Surat Abasa ilimteremkia Mtume (SAW) kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (RA), aliyekuja kutaka kujifunza. Baadaye sahaba huyo akawa mwadhini wa Mtume na kaimu wake mjini Madina. Hatujui ni yupi katika watoto wa mabweni yetu ambaye Allah amemwandikia daraja kama hiyo. Tunajua tu kwamba usiku huu kuna mtu amekaa macho kwa ajili yake, na mtu huyo ana haki juu yetu.

Allah atuwafikishe kutimiza haki za wanaotutumikia, na awalinde watoto wetu. Amin.