Mgeni Ameondoka, Chupa Zimebaki

Siku hizi katika parokia za pwani, kuanzia Bagamoyo hadi vijiji vya Unguja, familia nyingi zina chumba cha uani au nyumba ndogo wanayoipangisha kwa watalii kwa siku tatu, kwa wiki moja, au kwa muda wa sikukuu. Wengine hawana nyumba, lakini mama anafanya usafi katika nyumba ya mtu mwingine, baba ni mlinzi au anatunza bustani, na kijana anapokea wageni wanaoleta maombi yao kwa simu na intaneti. Ni kazi halali, nayo inalipa ada za shule. Mwezi huu, wasomaji wapendwa, tuzungumze juu ya kitu ambacho wageni hawa wanakiacha nyuma yao, yaani plastiki. Wataalamu wa mazingira watawaeleza habari za samaki na kasa. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitaongea juu ya vifua, matumbo na mbu.

Kwanza tupige hesabu. Tuseme nyumba ina wageni 4. Pwani kuna joto, na mtu mzima anayeshinda juani hunywa lita 3 za maji kwa siku bila taabu, yaani chupa 2 za lita moja na nusu. Kwa watu 4 ni chupa 8 kwa siku, na kwa wiki moja ni chupa 56. Nyumba hiyo ikipata wageni kwa wiki 20 tu katika mwaka, inatoa chupa 1,120. Hapo bado hatujahesabu vichupa vya shampuu, mirija, vikombe vya mtindi na nepi za kutupa.

Mifuko ya kubebea, ile tuliyokuwa tukiiita rambo, ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo zimesaidia, na mitaro yetu inaonyesha. Lakini chupa ya maji inaendelea kuingia nyumbani kama kawaida.

Mgeni akishaitia chupa katika ndoo ya taka chumbani, kwake mambo yamekwisha. Kwetu ndipo yanapoanza. Mahali pengi gari la taka halifiki kwenye nyumba hizi, au linafika mara chache. Basi chupa huchomwa nyuma ya nyumba, au hutupwa shimoni na vichakani, au mfanyakazi huichukua kwenda nayo kwake. Njia zote tatu zinaweza kumfikisha mtu hospitalini, na anayefika huko kwa kawaida si mgeni.

Moshi wa plastiki unajulikana kwa harufu yake. Una chembe ndogo sana zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Vitu vya plastiki aina ya PVC, kama vipande vya mabomba na baadhi ya mapazia ya bafuni, vikichomwa hutoa pia sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo hutua juu ya majani, mbuzi na ng'ombe wakala, ikajikusanya katika mafuta ya nyama na maziwa. Inakaa mwilini miaka mingi. Kwa mtoto mwenye pumu, moshi wa jioni moja unatosha kumletea shida ya kupumua usiku huo huo. Na hapa niseme jambo ambalo akina mama hawapendi kulisikia: kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni au kwa kifuniko cha chupa ni kuuleta moshi huo huo jikoni, tena karibu na mtoto aliyebebwa mgongoni. Tumieni makumbi ya nazi au vijiti vikavu.

Sasa mbu. Wengi wetu tunamfahamu mbu wa malaria anayeuma usiku. Yupo mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Huyu ndiye anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Hahitaji kinamasi. Maji ya mvua yaliyobaki katika chupa iliyokatwa, katika kopo, hata katika kifuniko kikubwa, yanamtosha kutaga mayai. Kwa joto la pwani, baada ya siku 7 hadi 10 mbu wapya wanaruka. Mayai yake yanaweza kukaa mahali pakavu kwa miezi na kuanguliwa mvua ikirudi. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na mwingine mkubwa mwaka 2019. Chikungunya nayo ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa nchi yetu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, kwa sababu maumivu ya viungo humfanya mgonjwa ajikunje. Chandarua cha usiku hakimzuii mbu anayeuma saa nne asubuhi. Kinachomzuia ni uwanja usio na vyombo vyenye maji. Na mtu akiwa na homa kali na maumivu ya mwili wakati wa mlipuko, asipewe aspirini, diklofenaki wala brufen kabla hajapimwa, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Apewe panadol kwa kipimo chake, anywe maji mengi, aende kupimwa.

Njia ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaonekana kuwa njema. Mama anayefanya usafi anaona chupa safi, yenye kifuniko kizuri, na anajua itafaa nyumbani. Ni kweli inafaa. Lakini tazameni inavyotumika. Wiki hii ina maji ya kunywa, wiki ijayo ina mafuta ya taa, na baadaye ina dawa ya mende au dawa ya madoa iliyopimwa dukani. Karatasi yake bado inaonyesha picha ya maji safi. Mtoto wa miaka miwili amezoea kunywa katika chupa kama hiyo, na mafuta ya taa yana rangi ya maji. Anainua, anakunywa mkupuo mmoja, anakohoa.

Likitokea hilo, msimtapishe. Msimtie kidole kooni, msimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Mafuta ya taa yanapopanda tena kutoka tumboni huingia kwa urahisi katika mapafu na kuleta kichomi kikali, na kichomi hicho ndicho kinachoua kuliko yale yaliyobaki tumboni. Mvueni nguo zilizolowa mafuta, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mkaeni naye mbali na moto, kisha mpelekeni hospitali upesi pamoja na ile chupa. Hata akionekana mzima, mpelekeni, maana shida ya kupumua inaweza kuja baada ya saa kadhaa. Katika kila nyumba iwepo kanuni moja isiyovunjwa hata siku moja: kilichowahi kuwa chombo cha kinywaji hakiwekwi mafuta ya taa wala dawa. Mafuta yakae katika dumu lake, juu, mahali mtoto hafiki. Vilevile dumu lililokuwa na dawa ya mimea lisitumike kwa maji kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Basi dawa ya mambo haya ni kupunguza chupa zinazoingia nyumbani. Na hapo ni lazima tuseme ukweli: wageni wananunua maji ya chupa kwa kuwa wanaogopa kuhara, na hofu yao ina sababu. Mkitaka waache chupa, wapeni maji wanayoweza kuyaamini.

Kwa nyumba nyingi njia rahisi ni lile jagi kubwa la dukani la karibu lita 19, ambalo likiisha linarudishwa na kubadilishwa. Jagi moja linachukua nafasi ya chupa 12 za lita moja na nusu. Angalieni lakiri ya kifuniko kabla ya kulipokea, na pampu au bomba lake lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila wageni wanapobadilika. Jagi nalo ni plastiki, najua, lakini linarudi kazini badala ya kwenda shimoni.

Kama jagi halipatikani, chemsheni. Maji machafu yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yachemshwe. Zamani tulifundishwa kuyachemsha dakika kumi au ishirini. Huko ni kupoteza mkaa. Huku pwani, yakishatokota vizuri kwa dakika moja yanatosha. Yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe katika chupa za kioo zilizooshwa kwa maji ya moto na brashi, zikaukie juani. Wekeni chupa mbili katika kila chumba, mzibadilishe kila siku. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na angoje nusu saa kabla ya kunywa. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, msipoteze moto. Nunueni jagi au tumieni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa.

Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri pasipo umeme, na wageni wanaupenda kwa sura yake. Shida yake ni mkono. Kila anayechota kwa kikombe anaacha kitu ndani. Mtungi uwe na kifuniko na bomba chini, au kata yenye mpini mrefu inayotundikwa mahali safi. Na barafu, ndugu zangu, itengenezwe kwa maji yale yale yaliyochemshwa. Mgeni aliyekunywa maji safi akatiliwa barafu ya maji ya kisima ataugua vilevile, na atawalaumu kwa maji yenu.

Vichupa vya sabuni ya maji na shampuu havina lazima. Kateni mche wa sabuni ya kuogea vipande vidogo, kila mgeni apate kipande kipya. Mkipendelea chombo cha kujazwa tena, msiongeze sabuni juu ya iliyobaki, maana vijidudu huweza kustawi hata ndani ya sabuni ya maji. Kiishe, kioshwe, kikauke, ndipo kijazwe. Sukari, majani ya chai na kahawa viwekwe katika makopo yenye vifuniko vya kubana (mnawajua sisimizi wa pwani), badala ya vipakiti vya mara moja. Dafu linanyweka bila mrija. Kikapu cha ukili kitundikwe mlangoni ili mgeni aende nacho sokoni. Maganda ya matunda na mabaki ya chakula yatengwe yawe mboji ya bustani. Mkifanya hivyo, ndoo ya taka inabaki kavu, haitoi harufu, wala haihitaji mfuko ndani yake.

Mgeni aambiwe kabla hajafika. Katika ujumbe ule wa kumwelekeza njia, ongezeni mistari miwili: maji salama ya kunywa yapo nyumbani, tafadhali njoo na chupa yako ya kujaza. Wengi watafurahi, kwani huko kwao jambo hili wamelizoea.

Baadhi yenu mtasema, "Nyumba si yangu, mimi nafagia tu." Nafahamu. Mwenye nyumba wa mbali hasikii moshi. Mpelekeeni hesabu: chupa ngapi kwa wiki, jagi moja linagharimu kiasi gani katika duka la hapo, na chupa 12 zinagharimu kiasi gani. Mwambieni pia kwamba si haki mfanyakazi achome plastiki kwa mikono mitupu bila mahali pengine pa kuipeleka. Jambo hili mtu mmoja anayehofia kazi yake halisemi kwa urahisi. Wafanyakazi wa nyumba tatu nne za jirani wakilisema pamoja, linasikika. Hata mahali pa kukusanyia wanaweza kuwa pamoja, kwa sababu wanunuzi wa chupa huzinunua kwa kilo na hawafungi safari kwa ajili ya kilo mbili. Chupa zimwagwe maji, zikanyagwe, zifungwe vifuniko, zikae chini ya paa hadi zitakapochukuliwa, ili mvua isizijaze.

Mnapokusanya, vaeni glavu za mpira na msitie mkono ndani ya ndoo ya chooni bila kutazama. Nepi zina kinyesi cha mtoto, na kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, kisha nepi ifukiwe shimoni mbali na kisima. Wapo pia wageni wenye kisukari wanaojichoma sindano kila siku, na sindano hizo huishia ndani ya taka. Kwa hao, wekeni bafuni chupa moja nene ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, ile ya sabuni ya kufulia inafaa, na mwandike juu yake SINDANO kwa herufi kubwa. Isijae zaidi ya robo tatu. Ikifikia hapo ifungwe kabisa na kuletwa kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, nasi tutaiteketeza pamoja na zetu. Aliyechomwa na sindano aoshe mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni bila kukamua damu, na aje siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 72.